Namba Safi za Vuta Pumzi

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Vuta Pumzi, kwa sababu kwa miaka ishirini na minne hayo ndiyo aliyowaambia wagonjwa kutwa: vuta pumzi, izuie, haya pumua. Mumewe akitaka kumchokoza jioni humuuliza, "Mama watoto, naruhusiwa kupumua?" Naye hujibu apumue kimyakimya, watu wamechoka.

Na kuchoka alikuwa amechoka kweli. Chumba cha eksirei kilikuwa na mashine moja, wafanyakazi wawili, na benchi lisilowahi kubaki tupu. Shida yenyewe ilikuwa watoto. Mtoto aliyevunjika mkono hatulii hata umbembeleze vipi, na mama yake mara nyingi ana mimba au anatetemeka kuliko mwanawe. Basi Vuta Pumzi huvaa aproni yake nzito ya madini ya risasi yanayozuia mionzi, akamshika mtoto mwenyewe, mwenzake akabonyeza kitufe cha mashine.

Kabla ya kumshika alikuwa na mchezo wake wa kijinga, nami nauita wa kijinga kwa kuwa alijua anachofanya. Alikivua kifuani kile kidude cha kupima mionzi inayompata mfanyakazi, akakitundika kwenye msumari nje ya mlango. Namba zikipanda, wakubwa wangemhamishia masjala, na foleni ile angeachiwa mtu mmoja. Kila baada ya miezi mitatu majibu yalirudi safi, na kwenye vikao akapigiwa makofi kwa uangalifu wake.

Kisha mdogo wake akaugua saratani ya titi, ugonjwa uleule uliomwondoa mama yao. Alipoanza tiba ya mionzi, ngozi ilibabuka vibaya mno, wakati wagonjwa wenzake waliopewa kiasi kilekile walitoka na wekundu tu. Madaktari wakashtuka, damu za dada wote wawili zikapelekwa kupimwa vinasaba. Siku ya majibu waliingia pamoja, mdogo kajifunga kitambaa laini kifuani, akitembea upandeupande ili nguo isimguse.

"Mionzi hukata nyuzi za vinasaba ndani ya seli," alieleza daktari, binti wa umri wa kuwa mwanawe. "Sote hukatwa, na mwili huziunga tena. Ninyi jeni moja ya hiyo kazi ya kuunga ina hitilafu, mmeirithi. Mwili wenu unaunga polepole, na pengine hapa na pale unakosea. Si lazima uugue, mama. Ila hatari yako iko juu kuliko ya wengine, na mionzi inaweza kuipandisha."

"Kwa kiasi gani?"

"Inategemea umepata mingi kiasi gani." Daktari akafungua faili la vipimo vyake vya kazini, uso ukamchangamka. "Kwako ni habari njema! Miaka yote karibu na sifuri. Kwa namba hizi unaweza kuendelea na kazi, tukawa tunakuchunguza kila mwaka."

Vuta Pumzi alitaka kusema asante na kuondoka. Ilibaki miaka mitatu astaafu. Aliogopa, tena aliona aibu, maana ni yeye aliyekuwa akiwafokea wanafunzi wa mazoezini wakisahau vidude vyao.

"Mwambie, dada," mdogo wake akasema. Aliwahi kuhadithiwa mchezo ule, wakaucheka pamoja. "Mficha maradhi kifo humuumbua."

Kukataa nako kunataka nguvu, na yeye hakuwa nazo.

"Namba hizo si zangu," alisema. "Ni za msumari." Akaeleza yote, macho sakafuni.

Daktari akashika kalamu. "Ulikuwa unashika watoto wangapi?"

"Siku nyingine mmoja. Siku nyingine wanne, watano. Sikuwahi kuhesabu."

"Pengine ni mionzi kidogo tu, aproni imekukinga. Lakini siwezi kukuambia, kwa sababu sijui." Akapiga mstari juu ya zile namba zote, akaandika pembeni: haijulikani. "Kesho usiingie chumba kile. Wiki hii tutaanza kukuchunguza matiti, kwa mashine ya sumaku, tusikuongezee mionzi."

Vuta Pumzi alilitazama neno lile. Miaka ishirini na minne, na hata habari za mwili wake mwenyewe hakuwa nazo.

"Sasa watoto nani atawashika?" aliuliza.

Mdogo wake alimgeukia kwa hasira, machozi yakimlengalenga.

"Watoto wana mama zao," alisema. "Mimi sina dada mwingine."