Talaka ya barazani na kura ya Mama

Likoni, tarehe 27 Julai 1963

Kwako Mhariri na wasomaji wa ukurasa huu. Naahidi kueleza yote bila kuficha, ila majina nimeyabadilisha. Mimi ni msichana wa miaka kumi na tano, niko darasa la nane, na jioni nasoma Kurani chuoni kwa maalim. Baba yangu ni seremala. Mama hakusoma shule, lakini ana akili kuliko sisi sote.

Nyumba ya pili na yetu wanakaa watu wa bara, Wakristo. Baba yao ni mtu wa bandarini, na binti yao Rispa ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Kati yetu na wao palikuwa na ua wa makuti wenye mlango mdogo, nao haukufungwa hata siku moja. Mama alipoumwa uchungu wa ndugu yangu mdogo, Baba hayupo, Mama Rispa ndiye aliyemshika mkono akamvusha kwa feri mpaka hospitali. Walikaa huko siku tatu.

Kabla ya uchaguzi wa Mei, wanaume walikuwa wakikaa barazani kwetu wakibishana. Baba ni mtu wa majimbo, kila jimbo lijitawale; baba yake Rispa ni mtu wa serikali moja kwa nchi nzima. Siku moja nilikuwa nikipeleka kahawa, na Mama yuko nyuma ya mlango akinipa vikombe. Rafiki mmoja wa Baba akamtania.

"Fundi, hapa kwako kuna serikali ngapi?"

"Moja tu," Baba akasema, "na waziri mkuu ni mimi."

"Basi umekuwa mtu wa serikali moja, nasi hatujui. Mbona mkeo kila siku yuko ua wa pili? Hizo kura zako mbili, moja imeshavuka."

Wakacheka sana. Baba hakucheka. Akasema, "Wallahi, mke wangu akiwapigia kura wale wa serikali moja, basi ni talaka moja. Nyote mmesikia." Nilimtazama Mama. Akanipa kikombe cha mwisho, akaniambia nisimwage.

Siku ya kura Mama na Mama Rispa walipanga foleni pamoja. Matokeo yalipotoka ikajulikana kuwa wa serikali moja ndio watakaotawala. Baba hakula siku ile. Asubuhi yake alichukua nyundo akaupigilia misumari mlango wa ua. Tangu hapo hasalimiani na baba yake Rispa, na mimi nimekatazwa kuzungumza na Rispa nje ya darasa. Shuleni bado tunakaa dawati moja, lakini Rispa ameniambia, "Baba anasema nyinyi mlitaka turudishwe bara." Laiti angalijua.

Kwani wiki ile ile, tukifua, Mama aliniambia mwenyewe. "Walikuwa wakisema majimbo yakija, watu kama Mama Rispa watafukuzwa. Mimi sikupigia chama, mwanangu. Nilimpigia Mama Rispa."

Nikamuuliza, "Na yale maneno ya Baba?"

"Maneno ya barazani yale. Huishia barazani."

Nami nikaridhika, mpaka siku maalim alipotufundisha mlango wa talaka. Akasema talaka haina mzaha. Nikauliza, "Maalim, mtu akiifunga kwenye jambo, na jambo likatendeka, naye hajui?" Akasema imeanguka, ajue asijue, na eda, ile miezi mitatu ya kungoja, inahesabiwa tangu siku jambo lilipotendeka. Mume akitaka atamrejea mkewe kwa maneno ya kinywa kabla eda haijaisha. Ikiisha, si mkewe tena, mpaka ndoa mpya. Kisha akanitazama. "Kwa nini wauliza?" Nikasema nataka kujua tu.

Nilimwambia Mama. Alikaa chini jikoni. Tangu usiku ule analala chumbani kwetu watoto, akimwambia Baba ni kwa sababu ya kikohozi cha mdogo wangu. Mdogo wangu hakohoi. Baba huuliza mlangoni, "Mtoto hajapona tu?" na Mama hujibu, "Bado, inshallah."

Nimemsihi amwambie. Anasema, "Nikimwambia sasa na hasira hii, atanirejea? Ataniambia nifunge mizigo. Nawe usifungue kinywa chako, kura ni siri yangu." Nikaapa sitamwambia. Lakini siku zinakwenda. Nimehesabu kwa vidole, naona katikati ya Agosti eda itakuwa imekwisha, na Baba atakuwa amempoteza mke bila kujua alikuwa na nafasi ya kumrejesha.

Nina tumaini dogo moja. Juzi Baba alikuwa akipiga randa, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Yule mwenzako, hajambo?" Nikasema hajambo. Akasema, "Haya," akaendelea na kazi yake. Mtu aliyefunga moyo wake kabisa haulizi hivyo.

Nikinyamaza, nawaacha wazazi wangu waachane huku wanakula sahani moja. Nikisema, navunja kiapo nilichompa mama yangu, na labda namtoa nyumbani kwa mdomo wangu. Nanyi watu wazima mnajua nyoyo za watu wazima kuliko mimi. Nijibuni katika toleo linalofuata, tafadhali, si la baadaye.

Na liko jambo jingine. Baba amesoma Kurani, lakini hati hizi za gazeti hazijui. Kila Ijumaa tukishakula mchana, mimi ndiye humsomea, na ukurasa huu ndio aupendao. Mkiichapa barua hii, ataniambia nisome. Je, niiruke, au nimsomee mpaka mwisho?