Barkad Nyuma ya Ukuta

Nilikanyaga maji kabla sijayaona. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika alfajiri, nami nilikuwa nashuka chumba cha chini kumchukulia mama mkasi. Nilipotoka kwenye ngazi ya mwisho, soksi ikalowa hadi kifundoni.

Chumba hicho kiko chini ya ardhi, chini ya nyumba yetu hapa Garissa. Mama alikikamilisha mwaka jana: vigae, rangi, dari ya jipsamu, soketi kila upande. Humo ndimo anamoshona matakia ya majlisi, ya kukalia sakafuni, yale mazito ya sponji ambayo bibi harusi huanza nayo nyumba. Siku hiyo lori lilikuwa lije baada ya adhuhuri kuchukua seti ya bibi harusi wa Bute, na mawili yalikuwa bado hayajashonwa. Mashine imefungwa sakafuni kwa boliti. Mota yake inaning'inia chini ya meza, na maji yalikuwa yamebakiza kiasi cha kiganja kuifikia.

Nilizima swichi kuu. Kisha nikasimama nikiwaza. Labda mto Tana umepanda. Labda ni choo cha jirani. Labda fundi wa vigae alitudanganya, na kama alitudanganya kwenye vigae, je, nguzo? Nilikuwa nimeshatoa simu nianze kutafuta majibu mtandaoni mama aliponipita kwenye ngazi.

"Hooyo," akasema. Ndilo neno letu la mama, na kwetu mama naye humwita mtoto wake hivyo hivyo. "Fikiri ukiwa umebeba kitu."

Tukabeba. Matakia yaliyokwisha tukayapandisha sebuleni, kisha tukachota maji kwa beseni na kuyakausha kwa matambara. Yakarudi. Nje hakukuwa na tone la mvua, lakini chini maji yalizidi kuja, na yote yalitoka ukuta mmoja.

Nyuma ya ukuta huo kuna barkad, birika la ardhini la kuhifadhia maji ya mvua. Abti, kaka yake mama, aliichimba kwa mikono yake alipotujia kutoka Hadado, baada ya ukame kummalizia mifugo. Ukuta wa chumba cha chini ulikuwa tayari, kwa hiyo akaufanya upande mmoja wa barkad. Sote tulimsifu kwa kuokoa saruji. Akaelekeza humo gata zote, mifereji ya maji ya paa, tusipoteze hata tone. Alfajiri hiyo ilikuwa mara ya kwanza kujaa, na alikuwa amemwita kila mtu akaione.

Nilimkuta ameketi kando yake na kikombe cha chai, ameacha kifuniko wazi apate kuyatazama maji. Nyumbani kwetu mvua haisemwi vibaya, kwa hiyo nilizunguka sana kabla ya kufika kwenye neno. Nikamwambia inabidi tuipunguze.

"Chuo kikuu kimekufundisha kuogopa maji, msomi?"

"Abti, si maji. Ni ukuta."

"Ukuta umenyamaza. Wewe ndiye unayesema."

Nami nilikuwa na shaka. Je, tukimwaga na chumba kiendelee kujaa? Nitamtazamaje? Upande wa mtoni mawingu yalikuwa yameanza kushikana tena.

Mama akatoka, mikono inamchuruzika. Alitazama barkad, akatazama mawingu. Nilitarajia amkaripie kaka yake.

"Walaal, ndugu yangu," akamwambia kwa upole, "sikuombi uyamwage. Nakuomba uyagawe."

Abti akaweka kikombe chini, akafungua geti, na kwa ile sauti aliyokuwa akiwaitia ngamia akawaita wanawake wa mtaa.

Walikuja na mitungi, kisha na mitungi zaidi. Maji ya bomba mtaani kwetu hayana uhakika, na nyumba nyingi hazina pa kuhifadhi ya mvua. Abti mwenyewe ndiye aliyechota, akimtania mmoja kwamba mtungi wake una kiu kuliko punda. Mimi nilikuwa nikipanda na kushuka, naweka kidole ukutani, napanda tena kuuliza wamefika wapi. Mchirizi ukawa jasho. Jasho likakoma. Tukachota yaliyobaki sakafuni, tukafuta soketi na nyaya zote, na bado nikarudi kuzikagua soketi kabla ya kugusa swichi kuu.

"Sema bismillahi uwashe," mama akaniambia.

Mashine ikanguruma. Alishona bila kuinua kichwa, viatu vya mpira miguuni, nami nikiitazama mota badala ya kumtazama yeye.

Lori lilikuwa likifungwa turubai mvua iliporudi. Sote tukageuka kumtazama abti, maana gata bado zilielekea kwenye barkad. Hakungoja aambiwe. Alipanda juu ya pipa, akalichomoa kwa mikono miwili bomba lililoshusha maji ya gata kwenye barkad, na maji ya paa zima yakamwagika, yakaelekea barabarani.

Nilishuka chini nikaweka kiganja ukutani, nikakiacha hapo. Palikuwa na ubaridi tu. Kupitia kidirisha cha juu nilimsikia abti, bado amesimama mvuani, akiyasindikiza maji. Kila yalipozidi alisema alhamdulillahi, kwa sauti ya mtu anayeaga.