Picha Yangu kwenye Meza ya Kilio

Mchezo wote ulitugharimu euro mia sita na arobaini. Nimehesabu mara mbili. Picha ya marehemu haimo humo kwa sababu ilikuwa ya bure: ilikuwa yangu.

Ni komedi ya Waingereza. Mume anajifanya amekufa ili awakwepe wanaomdai, kisha anajificha kabatini asikie anavyosifiwa. Imetembea kuliko mimi. Lubumbashi niliicheza shuleni kwa mapadri, mjane akiwa mvulana mwenye ndevu. Huku Ubelgiji, kwenye ukumbi wa Uccle, nilipokuwa nikitunza makoti ya watazamaji, Wabelgiji waliicheza kwa Kifaransa. Niliiona mara kumi na moja kupitia ufa wa mlango. Kwa hiyo tulipoicheza kwa Kiswahili hapa Matonge, mtaa wetu wa wahamiaji, mtaalamu nilikuwa mimi, na mume nikawa mimi.

Uccle pazia lilifunguka, ikaonekana meza, picha, mshumaa na sahani ya kadi za rambirambi, watu wakacheka. Sisi hatukuwa na pazia. Kulikodi ni euro themanini, nikakataa. Meza ikakaa wazi karibu na mlango, nami nikaingia kabatini mapema.

Kupitia ufa nilimwona maman wa kwanza, mwanamke wa makamo, akisimama mbele ya picha. Akainamisha kichwa, akaweka noti ya kumi sahanini. Nyuma yake foleni ikajipanga. Kwetu hupiti mbele ya picha yenye mshumaa mikono mitupu.

“Masikini, hata bei ya mushumaa alikuwa anapunguza,” tonton mmoja, mwanamume wa rika lake, alisema.

“Bon, kule anaenda hakuna bei,” mwenzake akamjibu.

Nilidhani ni utani.

Nilipotoka kabatini, mahali ambapo Uccle walicheka mpaka machozi, kiti kimoja kilianguka. Maman yule akafanya ishara ya msalaba, akatoka. Wengine wakamfuata, na hakuna aliyerudi kudai chake. Sahanini: euro mia tatu na kumi na tano. Nikahesabu tena. Ileile.

Asubuhi mama yangu alipiga simu kutoka Lubumbashi. Watu walikuwa wamekwisha kumpa pole kwa kifo changu. Alilia, akasikia sauti yangu, kisha akasema: “Mutoto, hiyo ni feza ya kilio. Ukiikula, umekubali kufa. Rudisha yote mbele ya siku makumi ine.”

Nilicheka. Lakini juzi muuza samaki wa Matonge, ambaye kwa miaka kumi hajanipunguzia hata senti, alinishushia bei kabla sijafungua mdomo. Hakunitazama usoni.

Nimerudisha kwa watu wanne. Zimebaki euro mia mbili na sabini, na siku tisa kufika arobaini. Kama uliweka kitu sahanini siku ile, njoo uchukue. Utakachotaja nitakupa, sitabishana. Na kama unajua feza ambayo mwenyewe haji kuichukua hufanywa nini, tafadhali niambie mapema.