Mama Amekaribisha Spika Chai

Wale mlisema nitashindwa, mko wapi?

Mnakumbuka ile kanda ya kwaya yetu ya Silibwet, sauti ya kushoto na kulia tu? Niliiingiza kwenye kompyuta, na wiki nzima nimehangaika na programu mpya mpaka sauti zingine zikakubali kutoka nyuma ya msikilizaji.

Leo mchana nimeficha spika mbili nyuma ya kochi, nikamkalisha Mama, nikabonyeza.

Sauti nzito za besi zikaanza nyuma yake. Mama akageukia mlango: "Ingieni, ingieni!" Akamwita dada yangu jikoni: "Chebet, ongeza vikombe, kwaya imefika!"

Nikamwonyesha Mama spika. (Huyu ndiye huniuliza kila siku hiyo kompyuta inapika nini.)

Akaziangalia weee. Halafu akanisukumia vikombe vyote vya chai alivyoleta Chebet.

"Kunywa wewe. Si ni wewe umeleta kwaya nzima?"