Mama Nyaya na Kengele ya Tangi

Zamani, ukitaka kujua redio inavyosema, ulimshikia fundi taa, na ukiuliza sana ulipigwa kofi. Mimi nilisoma hivyo, kwa vidole vilivyoungua kwa risasi ya kuungia nyaya. Mafundi wale wamekwisha. Siku hizi redio ikinyamaza hutupwa jalalani. Kwa hiyo binti wa dada yangu, mwalimu wa sayansi, aliponiambia anawafundisha watoto wa darasa la sita kuunda vifaa vya umeme, nilicheka.

"Kwa chaki?"

"Kwa mikono, Mjomba. Njoo uone, upumzike kunung'unika."

Wanafunzi humwita Mama Nyaya, maana hakosi kipande cha waya mfukoni, na siku nyingine nyweleni. Hucheka kwanza, husalimia baadaye. Mumewe anasema tangu waoane hajawahi kuwa na tochi nzima.

Mwalimu mkuu hakumpenda. Kwake darasa zuri ni darasa kimya, na la Mama Nyaya lilivuma kama mzinga wa nyuki. Akampa sharti: watoto waunde kitu kimoja cha kuifaa shule, la sivyo vifaa vyote virudi stoo na yeye arudi kwenye chaki.

Wakachagua tangi la maji. Mlinzi alikuwa akiwasha pampu, anasahau, na ofisi inafurika. Watoto wakaning'iniza nyaya mbili karibu na mdomo wa tangi; maji yakizigusa, kibao kidogo cha umeme, kama kiberiti, kilichopewa maagizo kwa kompyuta, kinapiga kengele. Darasani waliijaribu kwenye ndoo, ikalia kila mara.

Siku ya kuonyesha, nilikuwepo. Pampu ikawashwa. Mwalimu mkuu akasimama chini ya tangi, mikono nyuma, suti imenyooshwa. Tukangoja. Maji yakafika juu, yakazigusa nyaya, yakazipita. Kimya. Kisha yakamwagika, na suti ikapata sehemu yake.

"Mwalimu," akasema, akijifuta uso, "naona kengele yako ina adabu sana."

Mama Nyaya akawageukia watoto. "Kwenye ndoo mlitia nini?"

Wakatazamana. Msichana mmoja mwembamba akasema, "Chumvi, Mwalimu. Si ulisema maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri? Tulitaka isikie vizuri."

"Sasa tutie chumvi kwenye tangi?" akauliza mwalimu mkuu. "Tunywe bahari?"

Mama Nyaya akacheka mpaka akashika nguzo. "Mmenisikiliza kuliko nilivyotaka! Mmeifundisha kengele maji ya chumvi, haya matamu haiyatambui. Njoo hapa, punguza ile namba ya kiasi cha umeme kinachoiamsha."

Msichana akapiga magoti mbele ya kompyuta, akafuta namba kubwa, akaandika ndogo, akakipelekea kibao maagizo mapya.

Kengele ikalia. Mama yangu! Mlinzi akaruka kuzima pampu, watoto wakarukaruka kwenye tope, nami, mzee mzima, nikajikuta nimeshikana mikono na mtoto nisiyemjua.

"Basi, izimeni!" akapaza sauti mwalimu mkuu.

"Bado hatujaiwekea swichi ya kuizima, Mwalimu!" wakajibu watoto.

"Iwekeni!"

"Lini?"

"Wiki ijayo! Kila wiki! Fanyeni mtakavyo, lakini mnyamazisheni mdudu huyu!"

Mama Nyaya akachomoa waya wa betri, akauchomeka nyweleni.

"Umesikia, Mjomba? Kila wiki."

Zamani tulipigwa makofi. Sijui nani alituambia ndiyo njia pekee.