Mashine Iliyonukia Maandazi

Nilitaka kunyamaza, lakini mtaa wetu mzima wa Utemini unajua, kwa hiyo bora mkisikie kisa hiki kwangu mwenyewe.

Miezi mitatu nilihangaika kufufua mashine kuukuu ya kukatia nyasi. Nilisugua plagi, nikazibua kabureta. Mke wangu alinipa hadi Jumamosi, la sivyo inauzwa chuma chakavu. Injini ya mashine hiyo hunywa petroli iliyochanganywa na oili, na oili nilikuwa nimeimimina kwenye chupa ya maji, nikaiweka dirishani kando ya chupa kama hiyo ya mke wangu, yenye mafuta ya alizeti.

Jumamosi mama mkwe alikuwa amefika kutoka Misigiri. Nikachanganya, nikavuta kamba. Ikanguruma! Majirani wakapiga vigelegele. Nikafyeka ua mzima kifua mbele, kama mbunge aliyeshinda.

Mama mkwe akanusa moshi. "Baba Neema, hii mashine inakaanga maandazi?"

"Mama, hiyo ndiyo harufu ya injini nzima," nikamjibu kitaalamu.

Ndipo mke wangu akatoka jikoni ameshika karai.

"Na karai langu, mbona linanuka gereji?"

Nikakumbuka zile chupa mbili za dirishani. Lakini mashine ilikuwa bado inanguruma!