Kuku wa Mavuno Aliyeuzwa Mara Saba

Jumapili ya mavuno, katika ua wa kanisa letu la Kilutheri nje kidogo ya mji wa Migori, kuku mmoja aliuzwa mara saba. Hakuna mnunuzi hata mmoja aliyekwenda naye nyumbani. Muda wote huo mwenye kuku alikuwa amesimama karibu naye, amevaa joho la kwaya, analia kwa sauti, na sisi tunampigia makofi.

Inafaa nieleze jambo hili kwa utaratibu.

Sisi Walutheri huku ni wachache. Upande mmoja tumezungukwa na Wakatoliki, upande mwingine Wasabato, na mtu akisikia jina letu huuliza kwanza tunasali siku gani. Jibu la kweli ni kwamba tunasali karibu kila siku. Jumanne akina mama wanakutana. Jumatano ni jumuiya, nyumba moja hadi nyingine, kwa chai na mihogo. Alhamisi ni mazoezi ya kwaya, Jumamosi tunafagia kanisa, na Jumapili mchungaji anafika kwa pikipiki kutoka upande wa Homa Bay, ambako ana sharika nyingine za kuhudumia. Kwa hiyo habari ikizaliwa Jumanne, kufikia Jumapili imeshakomaa.

Msimu huu habari imekuwa ni mayai. Mwimbaji wetu mkuu wa sauti ya kwanza tunamwita Nyar Mbita, yaani binti wa Mbita, kwa kuwa ndiko alikotoka kuja kuolewa huku. Ugonjwa wa kideri ulikuwa umefagia kuku wake wote, wakabaki wawili tu, mwekundu na mweupe. Dada yake akamwonea huruma, akampa mayai ya bata mzinga aanze upya. Aliyasafirisha ndani ya beseni la pumba, amelipakata kama mtoto mchanga, akamwekea yule kuku mweupe ayalalie.

Kuanzia hapo usharika mzima ukawa unalalia mayai. Jumanne akina mama waliyaombea. Jumatano Nyar Mbita aliomba jumuiya ihamie kwa jirani, nyimbo zisije zikamshtua kuku. Alhamisi alichelewa mazoezini, mwalimu wa kwaya akamkazia macho.

"Nyar Mbita, wewe ni mwimbaji au ni daktari wa mifugo?"

"Mwalimu, Krismasi mtakapokuja kwangu kula bata mzinga, mtajua mimi ni nani."

Basi ikafika Jumapili ya mavuno. Siku hiyo kila nyumba huleta kitu: mahindi, ndizi, viazi, kuku. Vyote huwekwa mbele ya madhabahu na kuombewa, kisha baada ya ibada tunavinadi uani. Kuna sheria mbili ambazo hakuna aliyewahi kuziandika. Ya kwanza, kilichoombewa hakirudi nyumbani bure. Hata mwenyewe akikitaka, akinunue. Ya pili, aliyenunua kwa furaha hurudisha, kinadiwe tena.

Wanakwaya hufika mapema kwa ajili ya maandamano ya kuingia. Kwa hiyo Nyar Mbita alimfunga yule kuku mwekundu kwenye mguu wa benchi la jikoni, akamwachia mumewe kazi ya kumleta. Mume ni fundi wa mashine ya kusaga unga, tena Msabato. Yeye husali Jumamosi, mkewe Jumapili. Kwa ajili ya mavuno alikubali kuvaa suti siku mbili mfululizo.

Kilichotokea jikoni alitusimulia baadaye. Kuku mwekundu alikuwa amejinasua kwenye kamba na kuingia kwenye mahindi ya jirani. Alimfukuza mpaka suruali ikashika matope. Aliporudi akaona kwenye kona kuku mwingine, mweupe, ametulia, akambeba bila kutazama amelalia nini.

"Huyo hata hakukimbia," alisema. "Nilidhani amejitolea mwenyewe."

Tulikuwa tunaimba wimbo wa matoleo wakati alipopita katikati ya kanisa, kifua mbele, kuku kwapani. Mimi husimama nyuma ya Nyar Mbita, kwenye sauti ya tatu. Niliona shingo yake ikikakamaa. Sauti yake ilipanda mahali ambapo wimbo haupandi, na watu wengine wakasema "Amina."

"Huyo ni yule," aliniambia bila kugeuka.

"Yule gani?"

"Wa mayai. Yawa, huyo ni wa mayai!"

Lakini kuku alikuwa ameshawekwa mbele ya madhabahu, na mchungaji alikuwa ameshainua mikono. Tukasikiliza mahubiri. Sijui yalihusu nini, na Nyar Mbita hajui. Matangazo ni kazi yangu kila Jumapili, na niliyasoma mbio, nikameza mahali na saa ya mkutano wa akina mama wa Homa Bay. Mpaka leo wananilaumu.

Mnada wetu huendeshwa na mzee wa kanisa ambaye siku za soko huuza mitumba, na mdomo wake haujui kupumzika. Nyar Mbita alimkimbilia kabla hajaanza.

"Jaduong', mzee wetu, tafadhali, anza na kuku."

"Mama, kuku ndiye anaweka watu hapa. Nikiuza yeye kwanza, ndizi nitauzia nani?"

Akauza mahindi. Akauza ndizi, mkungu kwa mkungu, akisifu kila mmoja kama kanzu mpya. Nyar Mbita alikuwa anahama mguu huu na mguu ule. Mzee alipofika kwa kuku, mkono wa Nyar Mbita ulikuwa wa kwanza hewani. Hakuna aliyeshindana naye. Akamkumbatia kuku, machozi yakamtoka.

"Mnaona?" mzee akapaza sauti. "Mama analia kwa sababu ya wema wa Mungu! Nyar Mbita, unarudisha?"

"Hapana, mimi…"

Vigelegele vikaimeza ile hapana. Mzee alikuwa ameshamchukua kuku mikononi mwake. Vijana wakamnunua, wakamrudisha kwa heshima ya machozi ya mama. Wazee wakaona hawawezi kushindwa na vijana. Kadiri alivyolia ndivyo tulivyobarikiwa. Nilijaribu kumfikia mzee, nikavutwa kwenye duara la kucheza.

Mwishowe Nyar Mbita akamshika mumewe kwenye koti. "Baba watoto, nunua huyo kuku. Saa hii."

Akamnunua. Ua ulilipuka. Msabato kanunua kuku wa Walutheri! Watu walimpa mikono, mama mmoja akamfuta jasho kwa leso yake. Nadhani mtu huyo hakuwahi kushangiliwa hivyo maishani, hata siku ya harusi yake. Akamwinua kuku juu ya kichwa.

"Nimerudisha!" akasema.

Wakati mchungaji anamnunua, ikiwa ni mara ya saba kuuzwa, Nyar Mbita alipata sauti yake ya wimbo wa matoleo. "Huyo kuku analalia mayai!"

Akina mama wote wakashika vichwa kwa pamoja. Mchungaji hakuuliza swali. Aliwasha pikipiki na joho lake likiwa bado mwilini, Nyar Mbita akapanda nyuma na kuku kifuani, wakatokomea. Sisi tukafuata kwa miguu, kwaya nzima, na kwa kuwa hakuna aliyetukataza, tukiimba.

Tulimkuta Nyar Mbita amepiga magoti jikoni, yai moja shavuni.

"Ni vuguvugu," alisema mama mmoja aliyeligusa.

"Ni baridi," alisema mwingine.

"Wekeni kuku kwanza," alisema mchungaji, "mtabishana baadaye."

Kuku alituangalia mmoja mmoja, akaingia, akayageuza mayai kwa mdomo, akakaa. Tukapiga vigelegele.

"Shh! Mkimtoa tena nitaua mtu," alinong'ona Nyar Mbita, "na mchungaji shahidi."

Tangu siku hiyo akina mama wanaomba Jumanne bila kutaja mayai kwa jina, wakiogopa mkosi, ingawa hawatakubali kwamba ni hivyo. Jumuiya ilipofika kwake iliishia langoni. Mume ametengeneza uzio wa mabati kuzunguka kona ile, na kuku mwekundu, aliyerudi mwenyewe jioni ileile, anazunguka nje yake kwa raha.

Kwa hesabu ya yule dada wa Mbita, mayai yalipaswa kuanguliwa wiki hii. Alhamisi Nyar Mbita alichelewa mazoezini, na safari hii mwalimu hakumkaripia. Alisimamisha kinanda, sote tukamgeukia. Nyar Mbita alisema kuku bado anayalalia. Alisema aliliweka yai moja sikioni na akasikia kitu kinagonga. Mumewe aliliweka lilelile sikioni, na yeye anasema hakusikia chochote.